Spika ya Nyuma Kushoto

Spika ya nyuma kushoto ilivuta pumzi.

Haukuwa mkwaruzo wa waya uliolegea, wala ule mvumo wa umeme ambao fundi yeyote wa sauti anaujua kama anavyojua kikohozi cha watu wa kwao. Ilikuwa pumzi. Mtu alivuta hewa puani, taratibu, kama anayejiandaa kusema neno, halafu akaahirisha.

Fundi alisimamisha filamu. Alikuwa peke yake katika chumba cha kuchanganyia sauti, chumba kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa kwa sponji na kitambaa cheusi, mlango mzito kama wa jokofu la bucha. Humo ndani hakuna asubuhi wala jioni, kuna kazi tu. Spika zilimzunguka: mbele yake kushoto, kati na kulia, nyuma ya mabega yake moja kila upande, na ile kubwa ya sakafuni, inayotoa mngurumo ambao mtu huusikia tumboni kabla haujafika masikioni. Ndivyo jumba la sinema linavyomzunguka mtazamaji, na kazi yake ilikuwa kuamua kila kitu kitokee upande gani. Mvua inyeshe nyuma. Gari lipite kutoka kushoto kwenda kulia. Maneno ya waigizaji yakae kati, pale ilipo midomo yao.

Katika onyesho lile hakuwa ameweka chochote nyuma. Mwanamke amekaa sakafuni katika nyumba tupu, anamwimbia mtoto wake aliyefariki. Mwongozaji alitaka sauti yake tu, bila ala, bila upepo, bila hata mbu. "Nataka watu waogope kumeza mate," alimwambia.

Lakini kwenye skrini, kipimo cha spika ya nyuma kushoto, ambacho kilipaswa kulala kimya, kiliinuka kidogo kikashuka. Kikainuka tena.

Fundi akafanya anachofanya fundi yeyote mwenye akili timamu: akalaumu waya. Akaubadilisha. Akahamisha spika zenyewe, ya kulia akaipeleka kushoto na ya kushoto kulia. Pumzi haikuhama. Ilibaki kwenye pembe ile ile, na chumba kikaanza kunuka maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo mpaka yakaoza. Akafunga mlango, akaenda kula ingawa hakuwa na njaa.

Mwanamke aliyeimba katika onyesho lile alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Tangu utotoni walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Hata akiwa usingizini alikuwa na la kusema. Sasa jina hilo lilikuwa kwenye mabango, kubwa kuliko la filamu. Wazazi wao walikwisha kutangulia, nao wawili waliishi pamoja, wakipeana zamu ya kupika na kulaumiana juu ya taa zilizoachwa zinawaka.

Jambo ambalo mabango hayakulitaja ni kwamba sauti ya kwanza katika familia ile haikuwa ya Chiriku. Ilikuwa ya Fundi. Aliimba shuleni, akaimba katika sherehe za watu, akaanza kuitwa mbali. Kisha shingo ikavimba, akapasuliwa, akaokolewa, na alipozinduka sauti ilikuwa imekwenda. Iliyobaki ilikuwa kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Akahamia upande wa pili wa maikrofoni, na kila alichokijua akakimwaga kwa mdogo wake: mahali pa kuiba pumzi, namna ya kuliacha neno livunjike kidogo mwishoni, namna ya kuimba kama vile unamficha mtu kilio. Vyote hivyo vilikuwa ndani ya wimbo ule wa nyumba tupu. Kila alipousikiliza alikuwa akisikia mali yake ikitoka kwenye kinywa cha mwingine.

Na juma lile Chiriku alikuwa amehojiwa redioni. Mtangazaji alimuuliza nani alimfundisha. Chiriku akacheka kile kicheko chake. "Hakuna aliyenifundisha. Nimezaliwa nayo."

Fundi alikuwa jikoni anakata vitunguu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua machozi yale yalikuwa ya nini. Alijifuta kwa mkono wa nguo, vidole vikapita juu ya kovu la shingoni.

"Dada, ulinisikia redioni?" Chiriku alimuuliza aliporudi.

"Nilikusikia."

"Niliongea vizuri?"

"Ulitia chumvi kidogo."

Chiriku akacheka, akachukua kipande cha kitunguu, akaenda zake chumbani akiimba.

Siku ya pili, pumzi ile ilipata sauti.

Fundi aliuachia wimbo, na nyuma ya bega lake la kushoto mtu akaimba pamoja na Chiriku. Wimbo ule ule, maneno yale yale, ila aliyekuwa nyuma alitangulia kidogo, kama mwenye nyumba anayemtangulia mgeni mlangoni. Sauti ilikuwa pana na yenye joto, na katika maneno ya mwisho ilivunjika kwa namna ambayo Chiriku alikuwa akiiga tu. Nywele zilimsimama Fundi. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Mtu hasahau sauti aliyozaliwa nayo.

Akasimamisha filamu. Wimbo wa Chiriku ukakatika. Ule wa nyuma ukaendelea.

"Nani wewe?" alinong'ona, kwa mkwaruzo wake.

"Unanijua," ilijibu spika. "Mbona unaniuliza?"

"Sauti yangu ilikufa."

"Nani alinizika? Nimekaa hapa nyuma, nasikiliza mwingine anavyopigiwa makofi yangu." Ikavuta pumzi. "Nisogeze mbele. Kidogo tu. Sitamdhuru mtu."

Mtu mwingine angetoka mbio na kuacha hata viatu. Fundi naye alifika mlangoni, mkono ukawa juu ya kitasa. Kilichomrudisha kitini hakikuwa ujasiri. Ilikuwa gere, wivu wa siku nyingi. Alitaka kuisikia tena. Akairekodi, akaiweka katika spika ya kati, chini ya sauti ya mdogo wake, ndogo kiasi kwamba hakuna ambaye angeigundua.

Jioni ile Chiriku alirudi nyumbani ameshika koo. "Dada, sauti inanikauka. Sijui ni vumbi."

Fundi alimchemshia maji, akamtilia asali, akamwambia alale mapema. Alimhurumia kweli. Lakini chini kabisa moyoni, kitu kidogo kilikunja miguu na kutulia kama paka aliyeshiba.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa namna moja. Aliingia studio, mlango ukafungwa, na ile sauti ikamwomba ipandishwe. Naye akaipandisha, na ili nafasi ipatikane, akaishusha ya Chiriku. Nyumbani, Chiriku alikwaruza, kisha akanong'ona, kisha akabaki anachezesha midomo tu na kuandika kwenye simu. Daktari alimchungulia kooni kwa taa, akasema hapo hapana kitu, apumzike. Ilipofika hapo Fundi alikwisha kujua. Ungemuuliza angesema ni mafua. Lakini alijua, na kila asubuhi alirudi.

Kisha likaja lililo baya zaidi. Chiriku aliangusha sahani jikoni, Fundi akiwa amesimama pale pale, na sahani ilipasuka vipande vipande bila kutoa sauti. Walitazamana. Chiriku akapiga makofi, kama anayejaribu jambo. Viganja vikakutana, hapakuwa na kofi. Akapiga mguu sakafuni, hapakuwa na kishindo. Macho yalimtoka. Akaandika kwenye simu: *Dada, ninaogopa.* Fundi akamkumbatia, akausikia moyo wake mwenyewe ukidunda, na kifua cha mdogo wake, kilichobanwa kwenye chake, hakikutoa hata pumzi ya kusikika.

"Niache nimalize kazi hii," Fundi alisema. "Nikimaliza nitakupeleka kwa daktari mkubwa."

Mwongozaji alikuja kusikiliza siku iliyofuata. Alikuwa mtu wa maneno mengi aliyejiona anajua kila kitu, na mara nyingi alikuwa anajua. Alikaa kwenye kiti cha kati, mahali sauti zote zinapokutana, na wimbo wa nyumba tupu ulipokwisha alibaki ameshika magoti.

"Umemfanya nini mdogo wako?"

Fundi akaganda. "Sijamfanya kitu."

"Hapana, nasema hii sauti. Mwanzo alikuwa anaimba vizuri. Sasa anaimba kama mtu aliyezika." Akajipangusa macho bila aibu. "Hii ndiyo sauti niliyokuwa naitafuta. Usiguse tena. Kesho toa mafaili, yapelekwe kwenye jumba la sinema."

Fundi alirudi nyumbani akitembea kama aliyelewa. Hii ndiyo sauti. Alifika jua likizama, akajimiminia chai, akakaa sebuleni akiyarudia maneno yale polepole, kama mtu anayemung'unya pipi asiyotaka iishe. Nyumba ilikuwa kimya. Alidhani Chiriku amelala. Akamimina kikombe cha pili.

Maji ndiyo yaliyomwinua. Yalikuja kupitia ukumbini, utando mwembamba unaong'aa, yakafika kwenye vidole vyake vya miguu yakiwa ya baridi na yananuka yale maua, na aliyafuata nyuma mpaka kwenye mlango wa bafu, ule ambao kitasa chake kilizoea kukwama, akasukuma kwa bega, akasukuma tena, mbao ikakubali, na pale chini, katikati ya maji yaliyokuwa yakifurika kutoka kwenye karai, alikuwa mdogo wake amepiga magoti, viganja vimechubuka mpaka vinatoka damu kwa kuupiga mlango, kinywa kimepanuka chote, mishipa ya shingo imesimama, anapiga kelele kwa nguvu zake zote kama alivyokuwa akipiga tangu mchana, ukuta mmoja tu kutoka kwenye kochi alilokalia dada yake akinywa chai, na hakuna kilichosikika isipokuwa maji yanayochuruzika.

Chiriku, macho ameyafumba, hakujua kama mlango umefunguka. Aliupiga tena. Fundi aliuona ukitikisika.

Akampigia simu shangazi yao.

Shangazi, dada wa marehemu baba yao, alitoa majini vichwani mwa watu kama wengine wanavyong'oa meno: bila haraka, bila huruma nyingi, na bila kupenda mgonjwa anayejitetea. Alifika asubuhi na chetezo kwenye mfuko wa plastiki, akamtazama Chiriku, akamtazama Fundi, akasema, "Nipelekeni huko mnakofanyia kazi."

Katika chumba cheusi alivuta pua. "Yupo." Akawasha makaa, akatia ubani, akawakalisha wawili wale mbele ya skrini. "Huyu hakupotea njia, ameitwa. Nani kati yenu ana kijiba cha roho na mwenzake?"

Fundi aliangalia mikono yake. "Mimi, shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu aanze kupigiwa makofi."

Chiriku akageuza shingo kumtazama. Hakuwa na sauti ya kuuliza kitu.

"Haya," Shangazi alisema. "Afadhali umesema mwenyewe. Fungua hiyo filamu yako."

Wimbo ulipoanza, moshi wa ubani ulikuwa umejaa chumba. Shangazi akasimama katikati. "Wewe uliye humu. Unataka nini?"

"Kiti cha mbele," ilijibu spika ya nyuma kushoto, kwa upole.

"Na aliye mbele akakae wapi?"

"Atanyamaza tu. Ameongea vya kutosha."

"Hapa si kwako. Toka."

Basi ile sauti ikacheka, na kicheko kikaondoka kwenye pembe yake kikaanza kuzunguka, kikapita nyuma ya visogo vyao kwenda kulia, kikaja mbele, kikavuka skrini, kikarudi kushoto, kila mara kwa kasi zaidi, sasa kikiwa kicheko, sasa kilio cha mtoto, sasa jina la Fundi la utotoni likiitwa na mama yao aliyekufa, mpaka Chiriku akajifunika kichwa na Shangazi akashika meza asianguke, na ndani ya kizunguzungu kile, kama kitu kilichotulia katikati ya kimbunga, wimbo ukaendelea kutoka spika ya kati, mzuri kuliko siku zote, ukimwimbia Fundi peke yake.

"Ifute," Shangazi alisema.

"Ukinifuta," ilinong'ona sauti, "naondoka nayo. Hutaisikia tena mpaka unaingia kaburini. Utabaki na huo mkwaruzo, na yeye atapigiwa makofi kila siku, na wewe utakuwa unampandishia sauti."

Mkono wa Fundi ulikuwa juu ya kibodi. "Shangazi, niache niisikilize mara moja. Mara moja tu, halafu naifuta."

"Ukiisikiliza, baki naye. Mimi nitamzika huyu mtoto na nitarudi kukuzika wewe." Shangazi hakupaza sauti. "Mtazame."

Fundi akamtazama. Midomo ya Chiriku ilikuwa imegeuka rangi. Alikuwa anavuta hewa na hewa haiingii, na viganja vyake vilivyofungwa bandeji vilikuwa vimemshika dada yake sketi, kama alivyokuwa akimshika zamani wakivuka barabara.

Akaifuta. Akafuta na nakala, na nakala ya nakala, analia kama aliyefiwa. Spika kubwa ya sakafuni ikanguruma mpaka kitambaa cha ukutani kikachanika kutoka juu hadi chini, kisha chumba kizima kikafa ganzi. Halafu, kati ya moshi, Chiriku akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kibaya, chenye makohozi. Fundi hakuwahi kusikia kitu kitamu namna ile.

"Nisikilizeni," Shangazi alisema akizima makaa. "Sauti hiyo msiitaje. Msiseme ilikuwa nzuri, msiseme ilikuwa mbaya. Nimemtoa chumbani. Wivu ndio uliomfungulia mlango, na huo mimi sina dawa yake."

Chiriku alipona. Alimsamehe dada yake kwa namna ya ndugu, yaani alimnunia, akamtupia maneno, kisha siku moja akamwomba amsuke nywele. Fundi akachanganya wimbo upya kwa sauti ya mdogo wake peke yake. Akatoa mafaili, moja kwa kila spika, na lile la nyuma kushoto akalisikiliza lenyewe, tangu mwanzo wa filamu mpaka mwisho. Mvua. Nyayo. Mlango wa mbali. Hakukuwa na zaidi ya alichokiweka kwa mkono wake.

Usiku wa onyesho la kwanza jumba lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Wimbo ulipofika walilia. Walipotoka nje walimzunguka Chiriku, wakamshika mikono, wakapiga naye picha. Mwongozaji akamvuta Fundi pembeni, lakini alikuwa mtu asiyejua kunong'ona.

"Imependeza. Ila ile uliyonisikilizisha siku ile ilikuwa kitu kingine. Kwa nini umeiondoa? Ile ingeua watu."

Fundi alijibu jambo juu ya hitilafu ya mitambo. Alipogeuka, Chiriku alikuwa amesimama nyuma yake, maua mkononi, tabasamu limeganda usoni kama limesahauliwa pale.

Walirudi nyumbani kwa teksi.

"Ile niliyoisikia kwenye moshi," Chiriku alisema, akitazama nje. "Ilikuwa yako kweli? Ya zamani?"

"Shangazi alisema tusiitaje."

"Nakuuliza tu. Ulikuwa unaimba vile?"

Fundi angeweza kunyamaza. Alijua kwamba inampasa kunyamaza. Lakini miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza, na utamu wa swali ukampanda kichwani.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa naimba vile."

"Kunishinda."

Fundi hakujibu. Aliuachia ukimya ujibu, na aliufurahia.

Baada ya hapo Chiriku akawa haimbi. Hakuimba akifua, hakuimba akioga. Wenye filamu nyingine walimpigia, hakupokea. Alikaa dirishani muda mrefu, kikombe kikipoa mkononi, na Fundi alipomuuliza ana nini, alisema amechoka, watu wamemchosha.

Asubuhi moja ya mapumziko Fundi aliingia jikoni akamkuta amesimama dirishani amempa mgongo. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye meza, na jikoni palinuka yale maji ya maua yaliyooza. Chiriku alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayeambiwa siri, na mara moja moja alitabasamu.

Fundi akamwita.

Chiriku hakugeuka. Fundi akadhani amenuniwa tena, akamwita kwa nguvu zaidi, kisha akavuta hewa mpaka kovu likamuuma, akaliita jina la mdogo wake kwa yowe. Alihisi hewa ikimtoka kifuani. Alihisi midomo ikifunguka na kufungika. Nje gari lilipita, jirani akafungua bomba, ndege wakagombana juu ya paa, na katika sauti zote zile yake haikuwemo. Akaipiga meza kwa ngumi. Vikombe viliruka, vikatua kimyakimya.

Chiriku akaitikia kwa kichwa polepole, akikubali jambo aliloulizwa.

"Kidogo tu," alimjibu aliyekuwa akiongea naye. "Nisogelee karibu nisikie."